Viza Kwanza, Mbuzi Baadaye

Ninyi vijana mnaopenda kupigwa picha mkivuta begi la magurudumu, hebu kaeni chini kidogo. Begi lenyewe mmeazima, najua. Nimeshika karatasi za wasafiri wa Kitengela tangu enzi za taipureta hadi hizi za kubonyeza kioo, na sijawahi kuona mtu aliyekataliwa kuingia nchi ya wenyewe kwa sababu ya begi baya. Lakini begi ndilo mnalonunua kwanza. Pasipoti mnaikumbuka mkiwa mmeshawaaga majirani.

Kabla hamjauliza, mimi mwenyewe sijaenda popote. Nimetuma watu Doha, Juba, Toronto, na miji mingine ambayo hadi leo sijui iko upande gani wa ramani. Kila jioni nilifunga duka, nikavuka barabara, nikawa nimefika kwangu. Pasipoti nilikuwa nayo. Niliitengeneza ya kuwaonyesha wateja jinsi inavyokaa, ikamaliza muda wake bila muhuri hata mmoja. Mke wangu, Mama Mwende, husema hicho ndicho kitabu pekee ndani ya nyumba ambacho sijakifungua, ukiacha Biblia. Siku moja nilifika Namanga, nikasimama karibu na mpaka, nikaitazama Tanzania, nikaona inafanana na Kajiado. Nikarudi nyumbani kwa chakula cha jioni.

Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya bucha. Kwenye kona moja kompyuta na printa, kwenye kona nyingine stuli mbele ya shuka jeupe nililolipigilia ukutani misumari. Hiyo ndiyo ilikuwa studio. Shuka lenyewe lilikuwa la kitanda chetu, mpaka siku Mama Mwende alipopokea simu ya dadake akaisahau pasi juu yake. Ncha ya pasi ikajichora pale kwa rangi ya chai ya maziwa, ukiitazama huhitaji kuuliza ni nini. Akataka kulifanya tambara la kupigia deki. Nikamwambia lete, picha ya pasipoti haifiki huko pembeni.

Aliyenifundisha kazi ni karani mstaafu aliyeitwa Mzee Kioko, mtu mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilimuuliza mteja, "Jina lako nani?" Mzee Kioko akanipiga rula kwenye vidole. "Usimuulize jina, mwambie akuonyeshe kitambulisho. Mtu wa huku ana jina la kanisani, la nyumbani, la shuleni, na lile analomwambia polisi. Ukimuuliza atakupa lile analolipenda." Mpaka nastaafu nilikuwa nafuata sheria hiyo, na nyinyi mnaojaza fomu mkiwa kwenye boda mngeifuata pia, msingekuwa mnarudi mkilia.

Cha pili alichonifundisha ni kuandika kilichoko. Kuna mzee mmoja wa ng'ombe alikuja kupigwa picha, masikio yake yametogwa na kuvutwa kama ilivyokuwa desturi ya rika lake, na ndewe zake amezikunja juu ya sikio. Nikampiga hivyo hivyo. Mzee Kioko akaichana. "Huyu kila siku sokoni ndewe zake zinaning'inia. Leo unampeleka kwa serikali akiwa amejikunja, kesho afisa aone mtu mwingine?" Tukarudia, ndewe chini, na yule mzee akafurahi. Akasema amechoka kuzikunja kila akiona kamera.

Fundi wa kuchanganya saruji naye alama za vidole hazishikwi na mashine, vidole vyake vimekuwa laini kama kioo. Mwambie apumzike na kazi siku kadhaa, ajipake mafuta ya mgando, arudi. Msiende kumpigia kelele karani wa watu. Na zile tovuti zikaja na maswali yake ya siri. "Mnyama wako wa kwanza wa kufuga aliitwa nani?" Nilimsomea mzee mmoja wa Isinya swali hilo. Akaniuliza, "Ng'ombe ama mbuzi?" Nikasema yeyote. Akavua kofia, akaanza kuwataja na rangi zao, na mama zao, na waliokufa kwa ukame. Niliandika wa kwanza, nikamwacha amalize wengine. Ilikuwa heshima tu, na pia mtandao ulikuwa umepotea.

Hayo ndiyo mambo ya kazi. Sasa niwaambie ya ujinga.

Hapa kwetu kuna ugonjwa wa kumuaga mtu kabla viza haijatoka. Sijui ni nani aliuleta. Kijana akipata barua ya kazi tu, hata wino haujakauka, ukoo unaitwa, turubai linasimamishwa, mbuzi wanafungwa kamba, mchungaji anatafutwa. Ukiuliza viza iko wapi, unaambiwa una roho mbaya.

Parsaloi alikuwa kijana wa upande wa Isinya, mrefu, mpole, amesomea kutunza wazee na anakwenda Canada kuwatunza wa huko. Wazee tuko hapa tumejaa, lakini sawa. Barua yake ya kazi aliipata kwa jirani yangu wa ghorofani, kijana mmoja wa viatu vyenye ncha aliyejiita Direkta. Ofisi ya Direkta ilikuwa na tufe la dunia, maua ya plastiki na kiti kinachozunguka. Karatasi sikuwahi kuiona humo hata moja. Kwangu walikuja kupiga picha tu, kwake ndiko kulikuwa na "mchakato".

Parsaloi alikuja kuniaga akiwa na furaha ya kijinga usoni.

"Viza iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko kwa sistemu, Baba Mwende. Direkta amesema nitapewa pale pale uwanjani."

"Utapewa na nani?"

"Kuna jamaa wa kofia ya bluu."

"Yaani nchi nzima ya Canada imekosa ofisi, ikaweka ruhusa yake kwa mtu wa kofia?"

"Wewe nawe! Hujawahi hata kupanda ndege."

"Ndiyo, na bado niko na akili ya kuuliza. Umeandikia hao wenye kazi wewe mwenyewe, ukaona kama wako kweli?"

"Sasa nifanye nini na wazee wameshapanga siku? Mbuzi wamefungwa."

"Wafungue."

Akacheka. "Mbuzi wa kuaga hafunguliwi, Baba Mwende."

Basi hakufunguliwa. Mimi sikwenda, maana Isinya ni mbali na sofa yangu, lakini niliambiwa yote, na paja nililetewa. Nililila. Wazee walisimama wakambariki kwa Kimaasai, watu wakiitikia "Naai," ndiyo amina yao, mzee mmoja akachovya majani kwenye maziwa akamnyunyizia, wakamwombea aende na arudi. Mchungaji akaongeza ya kwake. Mtu aliyebarikiwa hivyo mbele ya ukoo mzima hawezi kuonekana wiki inayofuata sokoni akichagua nyanya. Hapo ndipo ujinga huu unapouma. Viza ikikataliwa, unaomba tena. Ukishaagwa, utarudi kwa mama yako na uso gani?

Walimsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa magari, wakaimba pale nje, mama yake akamshika kichwa. Wasiosafiri hawaingii ndani, kwa hiyo akapita mlangoni peke yake akipunga mkono. Ndani hakukuwa na kofia ya bluu. Kwenye kaunta wakamuuliza viza, akawaambia inakuja. Alisimama kando na mabegi yake hadi ndege ikaondoka, hadi nyimbo za nje zikaisha, hadi magari ya kwao yakaenda. Kisha akatokea mlango mwingine na kwenda kujificha kwa rafiki yake mmoja, mtaa wa Gataka kule Ongata Rongai, chumba kimoja na choo cha kushirikiana.

Kwa watu wa kwao, alikuwa Canada.

Nilijua kwa sababu alikuja dukani mwenyewe, mchana wa jua kali, amevaa lile koti zito la baridi na kofia yake imefunika hadi nyusi. Nilidhani ni mwizi anayeumwa malaria.

"Ni mimi, Baba Mwende."

"Canada wamekurudisha?"

"Sijaenda." Akaketi, akaangalia sakafu. "Direkta amefunga ofisi. Nimepanda juu sasa hivi, hakuna mtu."

"Hata maua?"

"Maua bado yako."

Ningemcheka zaidi lakini macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hataki kurudi nyumbani mpaka awe na kitu mkononi. Nikamwambia tutaanza upya, polepole, kwa kilichoko. Kwanza tutafute kazi ambayo iko kweli, tuwaandikie wenyewe, na tuifute ile barua ya Direkta kabisa isije ikatufuata. Hilo lingechukua miezi. Akakubali. Akasema ataomba picha mpya, na mimi karatasi ya picha ikawa imeniishia, nikatoka kuazima kwa jirani. Nilirudi nikamkuta amesimama mbele ya shuka, koti limefungwa hadi kidevuni, simu iko mkononi. Nikamwambia akae vizuri nimpige. Sikufikiria zaidi. Mnaona jinsi mtu anavyozeekea kazi na bado akabaki mjinga?

Miezi ikapita. Siku moja nikamwona mama yake mlangoni, Mama Parsaloi, shanga shingoni, shuka jekundu begani, simu amefunga kwenye kitambaa.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai changu cha kuokota.

"Iko," akaitikia, akacheka matamshi yangu kama kawaida. Kisha hakucheka tena. "Baba Mwende, nitengenezee kitabu. Nataka kwenda Canada."

Nilikuwa nakunywa chai. Ilinipita njia isiyo yake.

"Canada kufanya nini, Mama Parsaloi?"

"Kumwona kijana. Anakonda. Nikimuuliza anarudi lini anasema kazi imebana. Watu wanasema watoto wakienda huko wanasahau, na mimi nataka nimwone kwa macho, nijue kama nimesahauliwa. Ona." Akafungua kitambaa, akanipa simu. "Ona theluji ilivyo nyingi."

Nikaona. Parsaloi, koti hadi kidevuni, na nyuma yake weupe mtupu. Na pembeni, karibu na kiwiko, rangi ya chai ya maziwa, ncha ya pasi ya Mama Mwende.

Sasa niambieni ninyi mngefanya nini. Siri ya mteja ni siri, hilo Mzee Kioko alinifundisha kwa rula. Na mbele yangu ameketi mwanamke aliye tayari kupanda ndege kumtafuta mtoto ambaye yuko hapo nyuma ya kijiji cha Tuala tu, mwendo wa boda. Nikafanya wanachofanya waoga wote. Nikafungua kompyuta.

"Wanataka kujua unakwenda kwa nani na anaishi wapi," nikasema.

"Andika Canada."

"Canada ni kubwa, mama. Wanataka mtaa."

"Basi mpigie yeye aseme."

Akabonyeza mwenyewe, akaweka simu mezani kwa sauti. Parsaloi akapokea mara moja.

"Yeyo!" akamwita mama kwa Kimaasai. "Uko salama?"

"Niko salama. Niko hapa kwa Baba Mwende, natengeneza kitabu nije. Sema unaishi mtaa gani."

 Nilitazama kibodi.

"Mama… huku baridi ni mbaya sana. Utaumwa."

"Nitavaa. Sema mtaa."

Hapo nyuma yake mwanamke akapaza sauti, safi kabisa, kama yuko chumbani mwetu: "Maji imekuja! Leteni ndoo, imekuja!" Tukasikia milango, kandambili zikikimbia, ndoo zikigongana.

"Ngoja kidogo mama, nakupigia," Parsaloi akasema, akakata. Maji ya Gataka hayangoji mtu.

Mama Parsaloi aliitazama simu. "Na huko pia wanachota?"

"Dunia imeharibika," nikajibu.

Akaifunga simu kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Haya, nipige picha."

Akaketi kwenye stuli. Nikamwambia shanga zisifunike kidevu, asitabasamu, atazame hapa. Lakini huyu ni mtu aliyechunga tangu utotoni, hawezi kukaa mahali bila kujua kilichoko mgongoni. Akageuka. Akalitazama shuka kutoka juu hadi chini, mpaka pembeni. Akanyoosha kidole akaigusa ile alama. Akafungua kitambaa, akatoa simu, akaiweka kando ya alama, akalinganisha kama mtu anayetambua ng'ombe wake katika kundi la mwingine.

Nilitamani mtandao upotee, stima izime, bucha iungue.

"Baba Mwende," akasema bila kugeuka. "Theluji ya Canada hupigwa pasi?"

Nikaanza kupangusa lenzi iliyokuwa safi. Mimi ambaye nina jibu la kila fomu.

"Huko aliko, kunahitaji kitabu, ama kunahitaji boda?"

"Boda," nikasema.

"Ni wapi?"

"Gataka."

"Gataka hii ya Rongai?"

"Hiyo."

Nilidhani atalia, au anirushie stuli. Akajiweka sawa, akashusha mabega. "Piga picha kwanza. Nimeshakaa." Nikapiga. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Anatazama lenzi kama anayeidai maelezo.

Kisha akasimama. "Twende."

"Mimi? Mama, mimi si mtu wa safari."

"Umewatuma watu wote wa Kitengela. Leo nakutuma wewe."

Ndiyo hiyo safari yangu kubwa, msiniulize nyingine. Boda mbili kupitia Tuala, yeye mbele amekaa upande kama malkia, mimi nyuma nimemkumbatia dereva hadi akaniambia, "Mzee, nipumue." Vumbi nililokula siku hiyo ningeweza kulijengea choo. Tulipofika, tukauliza kwa mama wa mboga, akatuonyesha mlango.

Parsaloi alifungua akiwa na kaptula na ndoo mkononi. Alimwona mama yake. Akaniona mimi. Ndoo ikaanguka, na maji aliyoyapigania yote yakamwagika mlangoni.

 Kisha yule kijana, mrefu vile, akainamisha kichwa kama wanavyofanya watoto wao wakimsalimu mkubwa. Akangoja. Nami nilingoja, maana kama asingeguswa pale, sijui angekwenda wapi.

Mama yake akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kukiacha hapo.

"Wazee walisema uende na urudi," akamwambia. "Umeenda. Sasa rudi."

"Nitawaambia nini, Yeyo? Wamekula mbuzi."

"Mbuzi ni wangu. Utawaambia karatasi zilikataa."

"Na baraka je? Si zimeharibika?"

"Baraka si viza, zikaisha tarehe. Chukua viatu."

Akachukua viatu. Koti la Canada akaniachia nilibebe mimi, na jua lile.

Kule Isinya kulikuwa na maneno, kwani watu watakosa maneno? Kuna aliyemuuliza kama theluji ni chumvi ama sukari. Yeye akawa anaamka mapema anafungua ng'ombe, jioni anakuja kwangu tunaandika barua. Safari hii tuliandika kilichoko. Wenye kazi tuliwatafuta mpaka mwanamke mmoja wa huko akatokea kwenye kioo cha kompyuta akatupungia mkono, akamuuliza maswali, akamwonyesha na korido ya wazee wake. Kila karatasi niliisoma kwa sauti kabla hajaweka sahihi. Tikiti nilimkataza hata kuitazama.

Viza ikatoka. Nilimpigia mama yake kabla ya yeye mwenyewe.

"Sawa," akasema.

"Mtamuaga lini?"

"Hatumuagi. Ameshaagwa. Aende tu."

Akaenda na begi moja la mgongoni, nami ndiye niliyemsindikiza, hadi kituo cha mafuta cha hapa Kitengela. Mbele zaidi ni mbali.

Baada ya siku chache Mama Parsaloi akaja dukani, kitambaa mkononi. Alikuwa amepokea picha. Parsaloi amesimama nje ya jengo, koti ni lile lile, weupe kila upande.  Aliiweka simu mezani kwangu, akaikuza kwa vidole viwili kama Parsaloi alivyomfundisha, akaanza pembe ya juu, akashuka, akaja ya chini, akapita kiwiko, akarudi tena pale kwenye kiwiko. Alichukua muda wake. Nyuma yake shuka langu lilikuwa limening'inia na alama yake.

Kisha akaifunga simu kwenye kitambaa, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Hakuna pasi," akasema. "Funga duka, Baba Mwende. Sasa tunachinja."